Reli Zilizoizunguka Alimbongo

Kwa hesabu ya ramani peke yake, mfanyabiashara wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ana reli tatu za jirani. Kaskazini, upande wa Uele, iko njia ya Mungbere, ambayo vyuma vyake viwili vimeachana kwa milimeta 600. Mashariki, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, iko njia ya Kasese, milimeta 1,000. Kusini-magharibi iko Kindu, kwenye mto Lualaba, milimeta 1,067. Behewa la njia moja haliwezi kutembea juu ya nyingine, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyoingia Beni wala Lubero. Mtu aliyezaliwa Alimbongo, kule juu kwenye baridi, barabara ya Lubero kuelekea Kanyabayonga, ilimbidi avuke mpaka au msitu kabla hajasikia honi ya treni.

Wengi husingizia milima. Lakini milima haikuizuia reli ya Kenya. Katika miaka ya 1920 njia ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret ilipandishwa hadi Timboroa, zaidi ya meta 2,700 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Huko ni juu kuliko Alimbongo, na baridi yake haipungui. Treni za mvuke zilipanda pale zikiwa na mizigo ya Uganda, siku baada ya siku, kwa miongo kadhaa.

Japani nayo ni nchi ya milima. Reli yake ya kwanza, Shimbashi hadi Yokohama, ilifunguliwa tarehe 14 Oktoba 1872, na upana uliochaguliwa ulikuwa 1,067, mwembamba na wa gharama nafuu. Ni upana uleule wa Kindu na Kalemie ya leo. Juu ya vyuma hivyo vyembamba Wajapani walijenga mtandao ulioingia karibu kila bonde, kisha tarehe 1 Oktoba 1964 wakaongeza Shinkansen juu ya njia pana ya 1,435. Ndiyo maana wapenzi wa reli kutoka pande zote za dunia husafiri huko kwa makundi, ratiba mkononi, wakishuka treni na kupanda tramu: Nagasaki, Kochi, Hakodate, na hasa Hiroshima, ambako tramu kuukuu zilizonunuliwa kutoka miji iliyozifuta bado hubeba abiria wa kila siku. Hiroshima ni mji ambao tramu zake zilianza tena kutembea siku tatu baada ya bomu la Agosti 1945.

Kongo ya mashariki ilikuwa na mtu wa tramu pia, tena mkubwa. Baron Édouard Empain, Mbelgiji, ndiye aliyekuwa nyuma ya metro ya Paris iliyofunguliwa mwaka 1900 na tramu za Kairo. Januari 1902 alianzisha kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi zake CFL. Kazi yake ilikuwa ya namna ya pekee. Reli ya CFL haikujengwa iende mahali. Ilijengwa ili mto uweze kuendelea. Palipokuwa na maporomoko, reli ilishika zamu. Kutoka Kisangani hadi Ubundu, kilometa 125, mwaka 1906. Kutoka Kindu hadi Kongolo, kilometa 355, mwaka 1911. Kisha tawi la Kabalo hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, kilometa 273, mwaka 1915. Mzigo ulishushwa melini ukapandishwa treni, ukashushwa treni ukapandishwa meli, na mpagazi wa kila bandari alikula hapo.

Kwa mantiki hiyo, nchi isiyo na mto wa meli haikuwa na haki ya reli. Nyanda za juu za Lubero ziko juu ya mgongo unaogawa maji: yanayoteremka mashariki huingia Ziwa Edward, hupita Semuliki na kuingia Nile, yanayokwenda magharibi hupotelea msituni kuelekea mto Kongo, kwenye vijito ambavyo hata mtumbwi huvichagua. Jina la kampuni lilitaja Maziwa Makuu kwa sababu mpango wa mwanzo ulikuwa kuifikisha reli Ziwa Albert, kutoka Kisangani hadi Mahagi, kukata Ituri yote. Wahandisi waliingia msituni kupima, gharama ikaonekana, mpango ukawekwa kando. Laiti ungetimia, Beni ingekuwa na reli kubwa kaskazini mwake tangu enzi za Mfalme Leopold.

Kilichokuja badala yake kilikuwa kidogo. Kampuni ya Vicicongo, iliyoanzishwa mwaka 1924, ilianzia Aketi kwenye mto Itimbiri na kujenga kwa vyuma vya milimeta 600, vile ambavyo kwingine hutumika mashambani na machimboni. Ilifuata pamba ya Uele. Mji wa Isiro ukapewa jina la Paulis, kanali aliyekuwa na mkono katika reli hiyo, na mwaka 1937 njia ikafika Mungbere ikasimama. Kutoka hapo mzigo ulihamia kwenye malori, mengi yakiwa ya kampuni hiyohiyo. Reli ilimalizia msituni, na aliyetaka kuendelea kusini alitafuta gari.

Uganda ndiko mambo yalikokuwa tofauti. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901 na Kampala mwaka 1931, kisha ikapumzika miaka ishirini. Kilichoiamsha ni shaba ya Kilembe, chini ya Rwenzori. Serikali ya kikoloni ilikuwa inajenga bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililoanza kutoa umeme mwaka 1954, na umeme huo ulihitaji mteja mkubwa. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kikawekwa Jinja, mgodi uko Kilembe, na kutoka Kampala hadi Kasese pana zaidi ya kilometa 330 za mabwawa ya mafunjo na ukingo wa Bonde la Ufa. Kwenye mafunjo wajenzi walimwaga kifusi, kikazama, wakamwaga tena. Mwaka 1956 treni ikafika Kasese.

Kwa watu wa upande wa pili wa mlima, Kasese haikuwa ugeni. Wakonjo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu waliotenganishwa na mpaka, na chumvi ya Katwe ilikuwa ikivuka Ziwa Edward kwa mitumbwi zamani kabla Mbelgiji hajaliona ziwa hilo. Mfuko wa chumvi ulikwenda magharibi, chakula cha milimani kikarudi mashariki. Kwa hiyo stesheni ya mwaka 1956 iliwekwa mwishoni mwa njia ambayo miguu ilikuwa imeshaichonga. Reli ilichofanya ni kuifikisha njia hiyo baharini. Kutoka daraja la Mpondwe, mpakani, hadi Kasese ni mwendo mfupi wa gari. Kutoka Kasese hadi gati la Kilindini pale Mombasa, vyuma vilikuwa vya upana mmoja moja kwa moja, bila kushusha mzigo hata mara moja. Linganisha na njia ambayo Ubelgiji ilipenda itumike, ile ya "kitaifa": lori hadi Kisangani, meli hadi Kinshasa, treni hadi Matadi. Kahawa iliyopita huko ilipanda vyombo vitatu, na kila mahali palikuwa na mwenye kofia anayesubiri.

Baada ya Novemba 1973, Mobutu alipowanyang'anya wageni biashara zao, maduka ya Wagiriki na Wabelgiji yalibaki mikononi mwa watu waliopewa vyeo, na sehemu nyingi za Zaire yalikufa ndani ya miaka michache. Butembo haikufa. Mtafiti Janet MacGaffey, aliyeandika juu ya wafanyabiashara wa Zaire katika miaka ya 1980, aliwaona Wanande wakipeleka maharagwe, viazi na kabichi za milimani hadi Kisangani na Kinshasa, na wakinunua malori yao wenyewe bila kusubiri serikali. Mboga zilikwenda magharibi kwa sababu mlaji alikuwa huko. Kahawa ilitazama mashariki: bei ya Zaire ilikuwa ya mzaha, fedha ya Zaire ilikuwa karatasi, na Kasindi, penye mpaka, ilikuwa karibu. Magunia mengi yalivuka usiku. Waliofuata sheria walivuka mchana wakiwa na hati, na reli ya Kasese haikuuliza gunia limevuka saa ngapi. Papaini ya Beni na gome la mkwinini wa Lubero vilifuata uelekeo huohuo, na njia ileile ikarudisha vitenge, sabuni, vipuri na mabati.

Wakati huo wapenzi wa reli wa Ulaya walikuwa wameshaigundua Afrika Mashariki. Walichokitafuta ni vichwa vya mvuke vya aina ya Garratt, darasa la 59, vilivyotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956. Vilikuwa 34. Kila kimoja kilikuwa na tangi moja la mvuke katikati, limebebwa na mitambo miwili ya magurudumu, mbele na nyuma, iliyoungwa kwa egemeo ili mwili wote upinde kwenye kona. Uzito tani 252, na hakuna reli ya upana wa meta moja duniani iliyowahi kuona mvuke wenye nguvu zaidi. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Namba 5902 iliitwa Ruwenzori. Hapa mtu wa Beni ana haki ya kucheka: kichwa chenye jina la mlima anaoamka akiutazama hakikuwahi kuufikia, kwa kuwa kilikuwa kizito mno kwa reli nyepesi za magharibi mwa Uganda. Maisha yake yalikuwa Mombasa na Nairobi, kwenda na kurudi. Kufikia mwaka 1980 darasa lote lilikuwa limeondolewa kazini. Viwili vimebaki kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na kimoja kati ya hivyo, 5918 Mount Gelai, kilifufuliwa baadaye kikavuta treni za watalii waliolipa kunusa moshi wake.

Kasese haikupata watalii wa namna hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mabehewa yakagawanywa, Kilembe ikasimamisha uchimbaji mwaka 1982, na njia iliyojengwa kwa ajili ya shaba ikabaki bila shaba. Katika miaka ya 1990 treni zikakoma, nyasi zikaota kati ya mataruma. Kwa watu wa Butembo pengo hilo lilizibwa na Wajapani, ingawa si kwa treni: Fuso za mtumba. Lori la Mitsubishi Fuso, lenye usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, ndilo lililobeba mji huo mabegani. Dereva asiyeona vizuri anapotaka kulipita gari jingine humtegemea kibarua wa upande wa kushoto amwambie kama njia ni nyeupe.

Ngazi moja chini ya lori kuna chukudu. Ni baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, imechongwa kwa mti mgumu, mara nyingi mkaratusi, magurudumu yake ya mbao yamevishwa mpira wa tairi. Mwenyewe hupiga goti moja juu ya kipande cha mpira kilichopigiliwa kwenye ubao, mguu wa pili ukisukuma ardhi. Kwenye mteremko huketi juu ya magunia na kukandamiza breki kwa kisigino. Goma iliisimamishia sanamu ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara mwaka 2009. Mombasa ya mwanzoni mwa karne iliyopita ilikuwa na kitu cha ukoo huo: vigari vidogo juu ya reli nyembamba mjini, vyenye paa la turubai, vikisukumwa na vibarua wakimbiao nyuma huku bwana ameketi. Tofauti ni kwamba chukudu humbeba mwenye mali pamoja na mali yake.

Safari za makundi ya wapenzi wa reli zimeshaigusa Kongo, lakini mbali kusini. Julai 2019 treni ya kifahari ya Rovos Rail iliondoka Dar es Salaam, ikafuata TAZARA hadi Zambia, ikapita Katanga na kutokea Lobito kwenye Atlantiki, upana mmoja wa 1,067 kutoka bahari hadi bahari. Waliokuwa ndani walivuka nchi iliyo na Alimbongo bila kuikaribia.

Juni 2021 marais Museveni wa Uganda na Tshisekedi wa Kongo walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara: Kasindi hadi Beni kilometa 80, Beni hadi Butembo 54. Lami, si reli. Oktoba 2024 Uganda ikatia saini na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi mkataba wa reli mpya ya Malaba hadi Kampala, kilometa 272, na katika mipango ya baadaye lipo tawi la magharibi hadi Mpondwe. Mwaka huohuo vita vilipanda milima ya Lubero: Kanyabayonga ilianguka Juni, na Desemba waasi wa M23 wakafika Alimbongo yenyewe. Barabara ya Goma ilikatika. Mkulima wa kabichi aliyekuwa akichagua kati ya soko la kusini na la kaskazini akabaki na kaskazini peke yake, yaani Lubero, Butembo, kisha Beni na Kasindi, ambako kontena za Mombasa hufika kwa magurudumu ya mpira baada ya zaidi ya kilometa 1,500, hupanga foleni kwenye forodha, na nauli ya safari yote hiyo huingizwa katika bei ya kila bati na kila mfuko wa saruji.