Soka la wanawake: Nani abebe gharama?

SOKA la wanawake limeiletea Tanzania sifa kubwa kuliko fedha zilizowekezwa ndani yake. Mjadala kuhusu nani aligharamie, Serikali, klabu kubwa au wafanyabiashara, umedumu kwa zaidi ya muongo mmoja.

Timu ya taifa, Twiga Stars, ilifuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010 nchini Afrika Kusini, wakati nchi haikuwa na ligi kuu ya wanawake. Ilifungwa mechi zote tatu za kundi lake. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens ya mkoani Pwani ikawa bingwa wa kwanza. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, taji halikutoka mikononi mwa JKT Queens na Simba Queens.

Matunda yalionekana mapema kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka 2022 Simba Queens ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika nchini Morocco, na mwaka huohuo Serengeti Girls, timu ya wasichana chini ya miaka 17, iliifunga Ufaransa 2-1 na kutinga robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India. Twiga Stars ilirejea katika fainali za Afrika Julai 2025 na kutoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini iliyokuwa ikitetea taji, ingawa haikuvuka hatua ya makundi.

Fedha hazikwenda kwa kasi hiyo. Mwaka 2018 ligi ilipata mdhamini kupitia bia ya Serengeti Lite. Lakini mkataba uliotikisa nchi ni ule wa Azam Media wa mwaka 2021, Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, nao ulihusu ligi ya wanaume. Barani hali ni hiyohiyo: bingwa wa wanaume wa fainali zilizochezwa mwaka 2024 alipewa dola milioni 7, wa wanawake mwaka 2025 dola milioni 1.

Wanaopinga kuongeza fedha husema viwanja ni vitupu. Hoja hiyo huzunguka kama ng'ombe wa kinu: mtazamaji hawezi kuipenda timu asiyoiona, na televisheni haionyeshi isichodhaminiwa. Huko Amerika ya Kaskazini, ligi ya hoki ya barafu ya wanawake ya Kanada ilivunjika mwaka 2019 kwa kukosa fedha; ligi mpya iliyoanza Januari 2024 ilisimama kwa sababu mwekezaji mmoja alikubali kuzimiliki timu zote.

Hapa nchini, JKT Queens huegemea Jeshi la Kujenga Taifa, na Simba Queens jina la klabu mama. Timu za mikoani zisizo na mgongo kama huo ndizo zinazoumia.

Agosti 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizua ukosoaji mkali kwa kauli yake kuhusu maumbile ya wachezaji wa kike. Kelele hizo zilifunika swali la maana lililokuwamo katika hotuba hiyohiyo: mchezaji huyu ataishije miguu ikichoka?

Wachache wamepata jibu ng'ambo. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess mwaka 2022 kwenda BK Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Clara Luvanga alijiunga na Al-Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023.

Kwa msichana wa kata ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa, au wa Mikumi, ngazi ya kwanza ni michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA. Kwa miaka mingi kanuni za uhamisho za FIFA ziliiweka fidia ya mafunzo nje ya soka la wanawake, hivyo timu ndogo iliyomlea binti kama huyo haikuwa na dai la fidia hiyo aliposajiliwa Ulaya.