Puto Jeupe na Puto la Njano

Watu wengi wakisikia neno shabiki humfikiria mtu asiye na kazi. Humwona kuwa kijana aliyepotelewa na akili kwa ajili ya waimbaji asiowajua, nao hawatamjua kamwe. Na kama waimbaji wenyewe ni vijana wa Korea Kusini, wenye nywele zilizotiwa rangi na nyimbo za lugha ngeni kwetu, basi lawama huwa maradufu. Mimi ni mtu mzima. Nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ni shabiki wa muziki huo uitwao K-pop. Sioni haya kusema hivyo. Tena nadai kwamba shabiki naye anayo historia yake, na kwamba ina mafunzo kwa kila mtu aliyewahi kupenda kitu pamoja na wenzake.

Tupo wanne ambao hukutana Jumamosi moja moja, alasiri, hapa Dar es Salaam: mimi, binti wa kaka yangu, rafiki yake ambaye ni muuguzi, na kijana mmoja dereva wa bajaji anayejua majina ya makundi kutushinda sote. Wao hubishana juu ya makundi ya leo: nani anacheza vizuri zaidi, nani ana sauti, nani kapewa mstari mfupi asioustahili. Mimi hupenda kuwarudisha nyuma. "Shangazi, wewe unapenda waliokwisha staafu tu," binti huniambia. Nami humjibu kwamba staafu mwenziwe humjua.

Katika mazungumzo yetu, kisa kinachozua ubishi kuliko vyote ni cha Seo Taiji. Kijana huyu aliacha shule ya sekondari ili apige muziki. Mwezi Aprili 1992 yeye na wenzake wawili, Yang Hyun-suk na Lee Juno, walitokea katika kipindi cha televisheni cha kushindanisha waimbaji, na majaji wakawapa alama za chini kabisa. Vijana waliokuwa wakitazama nyumbani walitoa hukumu yao wenyewe, na wimbo ule ukashika nafasi ya kwanza kwa majuma mengi. Hapo ndipo vijana wa Korea walipogundua kwamba wao ni umma, na kwamba umma huo una nguvu.

Nguvu hiyo ilipata kazi mwaka 1995. Wakati ule kila wimbo ulipaswa kupelekwa kwa tume ya maadili ili maneno yake yakaguliwe kabla haujauzwa. Seo Taiji alipeleka wimbo wa kulalamikia hali ya nyakati zile. Tume ikaagiza baadhi ya maneno yabadilishwe. Yeye hakubadilisha hata moja. Aliyaondoa maneno yote, akatoa muziki mtupu. Mashabiki walioinunua kanda ile walisikia ngoma na magitaa mahali palipopaswa kuwa na sauti ya mtu, na ukimya ule ukawauma kuliko neno lolote. Wakapaza sauti zao. Sheria ikarekebishwa, na kufikia Juni 1996 ukaguzi ule wa awali ukawa umefutwa. Ndipo wimbo ukatolewa tena, safari hii na maneno yake yote.

Dereva wetu husema hapo kwamba mashabiki ndio walioshinda. Muuguzi humpinga. Yeye humtaja Jeong Tae-chun, mwimbaji ambaye tangu mwaka 1990 alikuwa akitoa nyimbo zake bila kuomba idhini ya tume, akijua kwamba anaweza kushtakiwa, na akaifikisha hoja hiyo mbele ya Mahakama ya Katiba. Je, tumsahau aliyefyeka msitu kwa kuwa waliopita baadaye walikuwa wengi? Mimi kama mwalimu nasema wote wawili wana haki. Mtu mmoja alifungua njia, na watu wengi wakaifanya isiweze kufungwa tena. Ila ni kweli kwamba historia hupenda kuwakumbuka wengi wenye kelele na kumsahau mmoja mwenye subira.

Mwaka huo huo wa 1996, Seo Taiji alipokwisha kustaafu, ukaanza utaratibu mwingine. Lee Soo-man, aliyekuwa mwimbaji zamani, aliwakusanya vijana watano, akawafunza kuimba na kucheza, na Septemba akawatoa hadharani kwa jina la H.O.T. Mwezi Aprili 1997 kampuni nyingine ikajibu kwa vijana sita walioitwa Sechs Kies. Wa kwanza mashabiki wao walishika puto jeupe. Wa pili, puto la njano. Hata makoti ya mvua yalifuata rangi hizo. Ukumbi mmoja ukawa mataifa mawili. Walizomeana, walisukumana, wakagombana barabarani. Msomaji aliyewahi kukaa uwanjani siku ya Simba na Yanga hahitaji maelezo zaidi.

Lakini tusiwacheke upesi. Novemba 1997 Korea Kusini ililazimika kuliomba mkopo Shirika la Fedha la Kimataifa. Makampuni yalianguka, wazazi walipoteza kazi, na mwanzoni mwa 1998 wananchi walipanga foleni kutoa pete na mikufu yao ya dhahabu ili kulisaidia taifa kulipa deni. Msichana wa miaka kumi na mitano katika nyumba ya namna hiyo hakuwa na mengi ya kushika mkononi. Puto lilikuwa rahisi, na lilimwambia kwamba yeye ni wa mahali fulani. Mwaka 2012 mchezo wa televisheni uitwao Reply 1997 ulimwonyesha msichana wa mji wa Busan, shabiki wa H.O.T., katika miaka ile ile. Wanawake wengi wa Korea walijiona humo, na sisi wa mbali tukaelewa.

Kisha ikaja siku ya uchungu. Sechs Kies walivunjika Mei 2000, na H.O.T. Mei 2001. Wale waliobishana kwa miaka juu ya nani bora wakajikuta wote wamefiwa. Hakuna aliyewauliza. Shabiki alikuwa amenunua kanda, amengoja mvuani, ametunza picha. Lakini kundi halikuwa mali yake, na mara nyingi halikuwa hata mali ya waimbaji wenyewe.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi mwaka 2009. Watatu kati ya watano wa kundi la TVXQ, Kim Jaejoong, Park Yoochun na Kim Junsu, walikwenda mahakamani wakisema kwamba mkataba wao wa miaka 13 haukuwa wa haki. Mashabiki wao walikusanya saini kwa wingi na kuzipeleka kwenye tume ya haki za binadamu. Oktoba mwaka huo mahakama ya Seoul ilitoa uamuzi wa muda uliowapa vijana wale nafuu, na mwaka huo huo tume ya serikali ya ushindani wa kibiashara ilitoa mkataba wa mfano wenye kikomo cha miaka 7. Kundi halikurudi kuwa la watano, na mashabiki wake wenyewe waligawanyika, hawa kwa wawili waliobaki, wale kwa watatu waliotoka. Hata hivyo vijana waliokuja nyuma yao walikuta mlango mpana kidogo kuliko ule waliopitia wao.

Sisemi haya ili kuwapamba mashabiki. Mwaka mmoja kabla ya kesi ile, tarehe 7 Juni 2008, katika tamasha kubwa mjini Seoul, mashabiki wa makundi kadhaa ya wavulana walizima taa zao zote na kunyamaza wakati wasichana tisa wa Girls' Generation walipokuwa jukwaani. Fikiria, msomaji, wasichana wadogo wakiimba mbele ya giza lililokusudiwa. Umoja ule ule uliorudisha maneno ya wimbo wa Seo Taiji, safari hii ulitumika kuwanyima wengine hata kupigiwa makofi.

Giza la siku zetu si la taa, ni la maneno. Oktoba 2019 alifariki Sulli, na Novemba akafariki Goo Hara, wote waimbaji, wote wakiwa bado hawajatimiza miaka thelathini, na wote wakiwa wameandamwa kwa matusi ya watu wasiowajua. Haifai mtu wa mbali kudai kwamba anakijua kilichokuwa moyoni mwa marehemu. Lakini mwezi ule ule wa Oktoba kampuni ya Daum ilitangaza kuondoa nafasi ya maoni chini ya habari za wasanii, na Naver ikafuata mwaka 2020. Jumamosi moja muuguzi wetu alituuliza, "Hivi sisi tukikaa hapa kusema huyu mnene, yule hajui kuimba, tuna tofauti gani na wale?" Tulikaa kimya kwa muda. Dereva ndiye aliyejibu: "Tofauti ni kama unaweza kulisema neno hilo mwenyewe akiwa ameketi hapa." Tangu siku hiyo tunaacha kiti kimoja wazi. Mgeni akija hukikalia, na hakuna anayemweleza kilikuwa cha nani.

Naam, nimejifunza kwamba mapenzi ya wengi ni kama moto wa jikoni. Hayana wema wala ubaya mpaka yapewe chungu. Mashabiki walipoyaweka juu ya haki, yaani neno la mwimbaji na mkataba wa kijana, sheria na desturi zilisogea. Walipoyaweka juu ya rangi peke yake, waliunguzana.

Mwezi Oktoba 2018 wale watano wa H.O.T. walisimama tena pamoja katika uwanja wa Olimpiki wa Jamsil, pale pale walipofanya onyesho lao la mwisho Februari 2001. Waliokuja kuwatazama hawakuwa tena wasichana wa shule. Wengi walikuwa watu wazima wenye kazi na watoto, nao walikuja na rangi yao nyeupe. Sechs Kies nao walikuwa wamekwisha kurudi tangu 2016, na njano yao imo. Uadui ulikuwa umekufa kitambo bila mtu kuuzika. Kilichobaki ni nyimbo, na watu waliozijua kwa moyo. Nadhani kama wangeliambiwa hivyo mwaka 1997, wengine wangelishika puto lao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakamsalimu jirani.