Vifundo vya Tau: Historia Fupi ya Ugonjwa Usio Uzee

Mzee akianza kuuliza jambo lile lile mara tatu, twasema karudi utotoni, na mambo yakaishia hapo. Usemi huo una huruma, lakini umetufumba macho, kwani waufanya ugonjwa uonekane kuwa ni umri tu. Na mgonjwa ambaye historia hii yaanza naye hakuwa mzee.

Auguste Deter alipopelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Novemba 1901, alikuwa na umri wa miaka 51. Daktari Alois Alzheimer aliketi naye, akimwuliza maswali na kuyaandika majibu. Alipoulizwa jina la mumewe, alijibu Auguste, jina lake mwenyewe. Alipotakiwa kuliandika jina lake hilo, alishindwa kulimaliza. Kurasa hizo, zilizopatikana tena mwaka 1995, zamfaa mwanaisimu si haba: swali laeleweka, jibu latoka, ila majina yanamponyoka.

Deter alifariki mwaka 1906. Alzheimer aliutia ubongo wake rangi ya chumvi ya fedha, akaona vifundo vya nyuzi ndani ya seli, na mabaka nje yake. Alilitangaza jambo hilo Tübingen mwaka ule ule, wala hawakumjali sana. Emil Kraepelin ndiye aliyeupa ugonjwa jina la Alzheimer, mwaka 1910.

Nyuzi hizo zilikuwa za nini? Jibu lilikawia mno. Mwaka 1975 wataalamu wa Princeton, Marekani, waligundua protini ivishikizayo vijirija vya ndani ya seli, ambavyo ni njia za kupitishia mizigo yake. Wakaiita tau, kwa herufi ya Kiyunani. Baada ya miaka kumi hivi ikajulikana kuwa vifundo vya Alzheimer ni tau hiyo hiyo: imebandikwa fosfeti kupita kiasi, ikaviachilia vijirija, ikajisokota yenyewe kwa yenyewe.

Wako waliodhani kwamba tau ni majivu tu ya moto uliowashwa na amiloidi, protini ya yale mabaka. Lakini mwaka 1998 ilithibitishwa kwamba hitilafu katika jeni ya tau peke yake yatosha kuleta namna nyingine ya kupotewa na akili. Katika ugonjwa wa Alzheimer amiloidi huonekana kutangulia, hata hivyo kupungua kwa kumbukumbu hufuatana zaidi na vifundo kuliko na mabaka.

Ndiyo maana siridhiki na istilahi “usahaulifu wa uzeeni”. Ingemwacha nje Auguste Deter.