Uingizaji hewa katika chumba cha injini ya boti

Uingizaji hewa katika chumba cha injini ya boti ni utaratibu wa kuondoa mvuke wa fueli na joto katika sehemu iliyofungwa yenye injini, na kuingiza hewa safi badala yake. Unahusu hasa boti zenye injini ya ndani, yaani injini iliyofungwa chini ya sitaha. Lengo la kwanza ni kuzuia mlipuko. La pili ni kuipatia injini hewa ya kutosha.

Hatari ya petroli

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye halijoto ya −40 °C. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa takriban mara 3 hadi 4, hivyo haupandi bali hushuka na kutulia katika ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo. Petroli ikivuja kwenye gari hudondoka barabarani na mvuke wake hupeperushwa na upepo. Ndani ya boti hubaki kama maji ndani ya bakuli. Hewa yenye mvuke wa petroli wa takriban 1.4% hadi 7.6% inaweza kulipuka kwa cheche ndogo ya stata, swichi au pampu ya kutolea maji.

Dizeli haiwaki kwa urahisi huo, kwa kuwa mvuke wake huanza kuwa hatari kwenye joto la zaidi ya 52 °C. Hata hivyo injini ya dizeli nayo inahitaji hewa: kuunguza lita 1 ya dizeli hutumia angalau mita za ujazo 10 za hewa. Ikikosa hewa, injini hutoa moshi mweusi na kupungukiwa nguvu.

Muundo

Kuna njia mbili. Njia ya asili hutumia mabomba yanayofunguka nje: moja huingiza hewa safi na jingine huitoa. Njia ya pili hutumia feni ya umeme inayofyonza hewa na kuitupa nje. Mdomo wa bomba la kufyonza huwekwa katika theluthi ya chini ya chumba, lakini juu ya kiwango cha kawaida cha maji ya ngama. Ukizama ndani ya maji, feni haifanyi kazi yoyote. Feni na vifaa vingine vya umeme vya chumba hicho huwa vya aina isiyotoa cheche nje.

Betri ni kinyume cha petroli: zinapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi nyepesi kuliko hewa, hivyo tundu lake la kutolea hewa huwekwa juu.

Nchini Marekani, boti zenye injini ya ndani ya petroli zilizoundwa tangu tarehe 1 Agosti 1980 zinatakiwa kuwa na feni, pamoja na onyo la kuiwasha kwa dakika 4 kabla ya injini.

Utaratibu wa matumizi

* Wakati wa kujaza fueli, injini, feni na umeme wote huzimwa, abiria hushuka, na milango na madirisha hufungwa.
* Baada ya kujaza, sehemu zote hufunguliwa na feni huwashwa kwa angalau dakika 4.
* Kabla ya kuwasha injini, mfuniko wa chumba hufunguliwa na ngama hunuswa kwa karibu.
* Harufu ikiendelea, injini haiwashwi. Feni huondoa mvuke, haizibi uvujaji. Ni lazima chanzo kitafutwe.
* Moto ukizuka chumbani, feni na injini huzimwa na mfuniko haufunguliwi wazi, maana hewa mpya huuchochea.

Kunusa hakusaidii dhidi ya kaboni monoksidi iliyomo katika moshi wa injini, kwa sababu haina rangi wala harufu. Kwa hiyo mdomo wa kuingizia hewa huwekwa mbali na bomba la moshi.

Boti za wazi

Boti nyingi za uvuvi za Afrika Mashariki hutumia mashine za kupachika nyuma, ambazo hupata hewa moja kwa moja. Hata hivyo, dumu la petroli likiwekwa chini ya sitaha au ndani ya sanduku lililofungwa, mvuke hukusanyika vilevile. Ni salama zaidi kujaza matangi ya kubebeka nchi kavu na kuyaweka mahali penye upepo.