Nafaka ya Mzazi Aliyetoka Hospitali: Nani Alipe?

Mzee akiruhusiwa kutoka Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, akarudi kwake Mlimba, watoto walioko Unguja na Pemba huanza kuulizana nani atalipa.

Tunasema: hutangulia mali yake mwenyewe. Akiwa na mpunga ghalani au kodi ya shamba, humo hutoka dawa na ujira wa mhudumu, kwa idhini yake maadamu ana akili timamu. Kuliuza shamba lake kwa siri hakujuzu.

Asipokuwa na kitu, nafaka yake ni wajibu kwa watoto wenye uwezo, wa kiume na wa kike, na gharama ya mtu wa kumgeuza na kumwosha imo. Hapa ndipo wengi tunapoteleza: tunatuma pesa kwa simu, kisha tunazihesabu kuwa zaka. Haisihi. Zaka hapewi mzazi kwa ufakiri wake ilhali nafaka yake iko juu yako. Ila akiwa na deni lililokwisha mkalia, Mashafii wamejuzisha kumpa katika fungu la wenye madeni.

Na mke wa ndugu yenu aliyebaki Mlimba? Kumuuguza mkwewe si wajibu wake, ni ihsani. Basi mlipeni, au mtafutieni msaidizi.

Kabla mzee hajatoka wodini, mmoja wenu aandike dawa, tarehe ya kurudi kliniki na nauli ya treni ya TAZARA, maana masika barabara ya bonde hilo haiaminiki. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimpa mwenye miaka 60 asiyejiweza matibabu bure katika vituo vya serikali. Mtendaji wa kijiji ndiye wa kuanzia.

Wallahu a'lam.