Tulitoa Mji, Jibu Likakwama: Mwisho wa Lost

Saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu ya Mei 24, 2010, kuna Waingereza walikuwa macho kama watu wa daku. Kituo cha Sky1 kilikuwa kinarusha sehemu ya mwisho ya Lost kwa wakati mmoja na pwani ya magharibi ya Marekani, ambako bado ilikuwa Jumapili usiku. Marekani yenyewe watu wapatao milioni 13.5 walitazama kupitia ABC. Kulipokucha, ugomvi ukaanza, na haujaisha.

Kwetu anayetega kitendawili ana deni. Ukishindwa, anakuomba mji, unampa, naye lazima ataje jibu. Watazamaji wa Lost walitoa mji wa miaka sita. Tangu Septemba 2004, ndege iliyotoka Sydney kwenda Los Angeles ilipoanguka kisiwani, walirundikiwa mafumbo: dubu wa barafuni kwenye nchi ya joto, mlango wa chuma ardhini, namba 4, 8, 15, 16, 23, 42. Watu walisimamisha picha na kuzikagua kama wapelelezi. Mwaka 2007 ABC ikakubaliana na waandishi Damon Lindelof na Carlton Cuse kwamba hadithi itaisha 2010, jambo la nadra kwa tamthilia inayolipa. Basi sote tukajua: hawa jamaa wanajua wanakokwenda.

Mwisho ulipofika, ule ulimwengu wa pembeni wa msimu wa sita kumbe ulikuwa mahali pa kukutana baada ya kufa. Baba yake Jack anamwambia wazi kwamba ya kisiwani yalitokea kweli, na kila mtu alikufa kwa wakati wake, wengine kabla yake, wengine baadaye sana. Kisha Jack analala kwenye mianzi, mbwa Vincent pembeni, jicho linafumba. Ni jicho lilelile lililofumbuka katika picha ya kwanza kabisa.

Hapo ABC wakaharibu. Majina ya waigizaji yakipita, waliweka picha za mabaki ya ndege ufukweni, bila mtu hata mmoja, ili mtazamaji apumue kabla ya habari. Wengi wakasoma jambo jingine: kwamba wote walikufa siku ya ajali na tumeoneshwa mizimu miaka sita! Kituo kikalazimika kueleza kwamba picha zile si sehemu ya hadithi. Wapi! Mimi niliitazama hosteli, kutoka kwenye flashi iliyopita mikono mingi, na kabla sijaifungua mwenzangu wa chumbani alishanimalizia uhondo: "Walikufa tangu mwanzo." Hata leo nikitaja Lost, nusu ya watu wananiambia hivyohivyo.

Lalamiko hilo ni la makosa, tuliache. Lipo jingine ambalo siwezi kulitetea. Walt, mtoto mwenye nguvu za ajabu, alitekwa mwishoni mwa msimu wa kwanza kana kwamba kila kitu kinamtegemea yeye. Halafu mwigizaji wake akarefuka kuliko kalenda ya hadithi, naye akasukumwa kando. Agosti 2010 DVD zilikuja na kipande cha dakika kama 12, kikimrudisha Walt na kujibu maswali machache. Mimi kipande kile nakihesabu ni kukiri kosa. Kwa nini jibu liuzwe dukani baada ya mji kutolewa?

Nililia, lakini, Jack alipofumba jicho. Niliwalilia watu, mafumbo sikuyakumbuka hadi asubuhi. Nadhani waandishi walibahatisha hilohilo.

Lindelof alibeba matusi kwa miaka mitatu, hadi Oktoba 2013 alipojiondoa Twitter. Mwaka uliofuata akarudi na The Leftovers: asilimia mbili ya watu duniani wanatoweka ghafla. Safari hii watazamaji waliambiwa mapema wasitarajie kuelezwa walikokwenda. Hakuna aliyeombwa mji.