Léaud, kijana wa nyumba mbili

Mwigizaji Mfaransa Jean-Pierre Léaud alitimiza miaka 80 tarehe 28 Mei 2024. Inachekesha kidogo, maana kwa wapenzi wa sinema bado ana miaka 14: yule mtoto aliyetoroka kituo cha watoto watukutu, akakimbia hadi maji ya bahari yakamlowesha viatu, kisha akageuka kututazama na picha ikaganda.

Filamu hiyo, Les Quatre Cents Coups, ilimpata kwa tangazo la gazeti. Mwaka 1958 mwongozaji François Truffaut alitangaza katika France-Soir kuwa anatafuta mvulana. Léaud, mtoto wa mwigizaji Jacqueline Pierreux, alikuwa bwenini huko Pontigny, na shule ilikwishamchoka kwa utundu. Kanda ya usaili wake ipo hadi leo: anajibu chapuchapu, eti kasoma wanataka mtoto mjuvi, ndiyo kaja. Ndani ya filamu, katika onyesho la mahojiano na mwanasaikolojia, hakupewa maneno ya kukariri. Truffaut aliuliza mwenyewe, mtoto akajibu ya kichwani mwake, mikono haitulii mezani. Sauti ya mwanamke anayeuliza iliwekwa baadaye.

Tamasha la Cannes likamtuza Truffaut mwaka 1959. Mhusika huyo, Antoine Doinel, Léaud alimwigiza mara tano katika miaka 20. Kwa mwongozaji mwingine, Jean-Luc Godard, nako akawa wa nyumbani. Masculin féminin ya Godard ilimpa tuzo ya mwigizaji bora Berlin, 1966.

Kisha wakubwa hao wawili wakagombana. Mei 1973 Godard alitoka kuitazama filamu ya Truffaut, La Nuit américaine, ambamo Truffaut mwenyewe anaigiza mwongozaji na Léaud kijana mwenye mapenzi ya wasiwasi. Akamwandikia Truffaut kwamba ni mwongo: mbona katika filamu kila mtu analala na mtu, isipokuwa mwongozaji? Papo hapo akamwomba pesa za filamu yake! Ndani ya bahasha akatia barua nyingine, aliyomwandikia Léaud. Truffaut aliisoma, ikamchefua, akairudisha ilikotoka. Jibu lake mwenyewe lilikuwa la kurasa 20 hivi, na humo anamtetea kijana wake kwa hasira ya mzazi. Barua hizo zilichapishwa 1988, na ajabu ni kwamba dibaji aliiandika Godard. Truffaut alikwishafariki 1984, hawajapatana.

Kinachoniudhi ni kwamba mwaka huohuo wa ugomvi Léaud alitoa kazi yake kubwa kuliko zote, La Maman et la Putain ya Jean Eustache: zaidi ya saa tatu na nusu za maneno, naye hachoshi. Kwa miaka mingi kuipata ilikuwa taabu, mpaka iliposafishwa na kuonyeshwa upya 2022. Wengi bado wanamwita Doinel tu.

Baadaye mwongozaji Aki Kaurismäki alimchukua katika filamu zake, Tsai Ming-liang naye. Mwaka 2016 Cannes ilimpa Palme d'or ya heshima, na mwongozaji Albert Serra akamlaza kitandani katika filamu yake awe mfalme Louis wa 14 anayeoza mguu. Uso umezama katika nywele za bandia kubwa kama kichaka. Katikati ya filamu anageuza macho kwenye kamera, Mozart akipigwa, anatukazia tena kwa muda mrefu, bila kusema neno.